Jumamosi saa 10 alasiri

Nimeambiwa tena, safari hii na kiongozi wa timu jirani: "Watu wa Lubumbashi hawapendi mpira wa nyumbani, televisheni imewateka." Nimechoka na maneno hayo. Mazembe na Lupopo, timu zetu mbili kubwa za hapa, wakikutana, nani hubaki kibandani, kule watu wanakolipa kutazama mpira wa Ulaya kwenye televisheni? Mapenzi yapo. Sisi wa madaraja ya chini, tunaoishi kwa mapato ya mlangoni, tunanyang'anywa saa.

Waingereza wanalijua hilo. Tangu miaka ya 1960 wana zuio: Jumamosi, kuanzia saa 8:45 mchana hadi 11:15 jioni, mechi hazirushwi moja kwa moja nchini mwao, ili mtu aende uwanjani kuiona timu yake ndogo. Zuio hilo linaishia kwao. Mechi ya saa 9 ambayo mtu wa Burnley, kulekule Uingereza, haonyeshwi nyumbani kwake, sisi wa Katuba hapa Lubumbashi tunaitazama mwanzo hadi mwisho.

Tena hesabuni vizuri. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, saa 9 ya London ni saa 10 yetu. Hatuna taa, giza huingia karibu na saa 12, kwa hiyo tunaanza saa 9:30. Dakika ya 30 vijana wanaanza kubanduka pembeni ya uwanja, mmoja mmoja. Oktoba ikiisha, Waingereza wanarudisha saa nyuma na mechi zao zinaangukia saa 11 kwetu. Tukianza saa 9 kamili, tunamaliza kabla wao hawajaanza. Hapo watu wangerudi. Hawarudi wote, na sababu sina hakika nayo, maana miezi hiyo ndiyo ya mvua na uwanja wetu unakuwa tope. Kwenye daftari la mapato nimeshindwa kutenganisha saa na mvua.

Kinachoniuma zaidi ni ule ubao wa chaki mbele ya kibanda: timu, saa, bei, vimeandikwa tangu Alhamisi. Mechi yetu inatangazwa Ijumaa usiku kwa simu, asubuhi inahamishiwa uwanja mwingine, halafu mwamuzi anachelewa. Mwenye franga za kiingilio kimoja ataenda panapoanza kwa wakati. Simlaumu hata kidogo.

Pesa za haki za matangazo niziache, kwetu hazifiki.

Tunahitaji ratiba ya mwezi mzima, na Jumamosi tucheze saa 4 asubuhi. Najua wengi asubuhi wako sokoni. Viongozi wa ligi, tupeni Agosti na Septemba tu, kabla ya mvua, tuhesabu mlangoni.