Kwa nini namwambia fundi apandishe mabega mara tatu

Nikiingia kiwandani na kamera na begi la waya watu wanadhani nimetoka hospitali. Kazi yangu ni egonomia, yaani naangalia kazi inavyomtesa mtu mwilini, na video peke yake haijawahi kunitosha.

Chukua fundi wa cherehani kiwanda cha nguo. Ukimrekodi ukampa alama za RULA, ile njia ya Waingereza ya 1993 ya kupima ubaya wa mkao wa mwili kwa alama 1 mpaka 7, utaona shingo imeinama, mikono iko mbele, sawa. Ila dakika kumi nzima picha ni ileile, mtu katulia zake anashona. Sasa mbandike elektrodi, vile vibandiko vyenye waya vinavyosoma umeme wa msuli, juu ya bega, kwenye msuli wa trapezi, unakuta nguvu anayotumia ni kidogo tu, asilimia chache ya uwezo wake, lakini msuli haulegei hata kidogo!! Bega linalomuuma jioni limeanzia hapo.

Hiyo sensa ya msuli nayo peke yake ni bubu. Mchoro wake kwenye kompyuta umeruka ghafla, alikuwa anavuta kitambaa au anajikuna? Video ndo inakujibu.

Kasheshe ni kulinganisha muda, maana kamera inachukua fremu 25 au 30 kwa sekunde, kifaa cha msuli kinachukua vipimo 1000 na zaidi, na kila kimoja kina saa yake. Ndo maana kabla hatujaanza namwambia fundi apandishe mabega mara tatu mbele ya kamera, kwenye mchoro vinatokea vilima vitatu, navioanisha na picha. Mwisho wa kurekodi tunarudia tena kwa sababu saa huwa zinaachana taratibu. Niliwahi kusahau, nikamaliza siku mbili nabahatisha.

Halafu mota ya cherehani inakuingizia mvumo wa umeme wa hezi 50, jasho linabandua elektrodi, na ukipima mapigo ya moyo pia usiyaamini haraka, joto la mabati linayapandisha, chai pia, hata kule kurekodiwa tu.

Ninachopenda ni kukaa na fundi mwenyewe tukaangalia video, mchoro uko chini yake. Juzi mama mmoja kaniambia, "Mwanangu, hapo pedeli inakimbia mbele nikiikanyaga, ndo najikaza hivyo." Mimi nilishaandika meza ipandishwe. Nikafuta, tukaenda kufunga pedeli.