Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Imechumwa Lini

Mboga ya majani ikishachumwa huendelea kupumua. Hutumia sukari yake yenyewe na kupoteza maji, na joto likiongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua hupanda mara mbili hadi tatu. Kwa hiyo mchicha uliochumwa alfajiri bonde la mto Luiche ukafika soko la Mwanga, hapa Kigoma, kabla ya jua kuwa kali haulingani na ule uliolala njiani, hata kama mafungu ni ya bei moja. Ulionyauka umekwishapoteza sehemu kubwa ya vitamini C.

Faida kubwa ya kununua mazao ya hapa iko katika uchache wa saa hizo, tangu kuchumwa hadi kufika kwako. Mboga ya jirani iliyoanikwa juani kutwa nzima imeshaipoteza. Basi muulize muuzaji imechumwa lini na wapi, kisha vunja shina. Likikatika upesi na kutoa unyevu, ni bichi. Likipinda tu kama kamba, limekaa. Usivutwe na majani yanayong'aa kwa kunyunyiziwa maji: maji hurudisha sura, hayarudishi vitamini, na yakichotwa mtaroni huleta magonjwa ya kuhara.

Kwa matunda, umbali ndio unaoamua siku ya kuchuma. Nyanya ya safari ndefu huchumwa ingali ngumu, isipondeke ndani ya tenga. Embe na papai huiva hata baada ya kuchumwa, ila yakiwahiwa mno hulainika bila kupata utamu. Nanasi na chungwa hayaongezi utamu kabisa yakishatoka shambani, kwa hiyo hapo ukaribu wa shamba una thamani kubwa zaidi: mkulima anayeuza karibu anaweza kuyaacha yakomae.

Vitunguu na viazi mviringo ni habari nyingine. Vikikaushwa vizuri hukaa wiki nyingi, na kutoka mbali hakuvipunguzii sana.

Lipo pia suala la dawa za wadudu. Kila dawa ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo, kati ya kupulizia na kuvuna. Mkulima unayemfahamu unaweza kumuuliza alipulizia nini na siku gani; mzigo uliopita mikono ya madalali watatu hauna wa kukujibu. Kuosha husaidia, lakini dawa iliyopenya ndani ya jani au tunda haitoki kwa maji.

Nyumbani, osha majani yakiwa mazima, kwa maji safi yanayotiririka, ndipo uyakate. Wengi hukata kwanza, na vitamini zinazoyeyuka huondoka na maji ya kuoshea. Pika kwa maji kidogo, sufuria ikiwa imefunikwa, dakika 5 hivi kwa mchicha laini, wala usimwage mchuzi wake. Ongeza mawese: vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uipokee, na wekundu wa mawese ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini hiyo hiyo. Kuyachoma mawese mpaka yawe meupe ni kuiharibu karotini hiyo, na inasikitisha katika mkoa wenye michikichi mingi kama huu. Kisamvu hakifuati kanuni ya dakika chache: kina sumu ya asili, hivyo kitwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mzima, yaani sehemu 5 za gramu 80. Nusu kikombe cha mboga iliyopikwa ni kama sehemu moja.

Mboga zinazobaki zifunge kwa kitambaa safi chenye unyevunyevu, kivulini, mbali na ndizi mbivu na maembe. Matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayoyageuza majani kuwa ya njano mapema. Nyanya na ndizi zisiwekwe kwenye friji kabla hazijaiva. Baridi huzizuia kuiva vizuri. Na mboga isiyoweza kuliwa ndani ya siku mbili, itumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika 2, ichuje, kisha ianike kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali huunguza karotini.