Je, wajua kwa nini dawa za VVU huweza kukosekana kituoni ilhali fedha zipo?

Mtu anafika kliniki siku yake, kadi mkononi, anaambiwa arudi wiki ijayo: dawa zimeisha. Mfadhili alishatoa fedha, viwanda vinatengeneza, na pengine makopo yenyewe yamerundikana bohari kuu. Imekuwaje? Mara nyingi jibu limo katika karatasi ambayo wachache hupenda kuisoma, yaani mpango kazi wa mradi.

Tupige hesabu ya mfano. Kituo kina wateja 1,000, kila mmoja hupewa kopo moja kwa mwezi, na kila mwezi wanaongezeka 40. Msimamizi anaagiza dawa za miezi 6 kwa kutazama matumizi ya mwezi uliopita: makopo 6,000. Mahitaji halisi ni 6,840. Miezi mitano ya kwanza hakuna anayeshtuka. Mwezi wa sita yamebaki makopo 400 na wateja ni 1,240. Hapo hata ukiagiza usiku huohuo umechelewa, kwa sababu oda ya dawa hizi hupita kiwandani, melini, forodhani na bohari kabla ya kufika kituoni.

Hata wazo zuri huweza kukausha stoo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mteja ambaye hali yake imetulia apewe dawa za miezi 3 hadi 6 kwa mkupuo, asipoteze siku zake kwenye foleni. Ni sawa kabisa. Lakini kituo kikiwahamisha wote 1,000 kwenye dawa za miezi 3 katika mwezi mmoja, makopo 3,000 yatatoka kwa mwezi uliopangiwa 1,000. Wakihamishwa kwa mafungu, stoo itahimili.

Ratiba mbovu huumiza zaidi kwa watoto wachanga. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU anatakiwa kupimwa ndani ya miezi miwili ya mwanzo, kwa kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, maana kipimo cha kawaida husoma kingamwili, yaani askari wa mwili, alizopewa na mama. Watoto walioambukizwa wasipopata matibabu, takriban nusu yao hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Sasa fuata safari ya tone moja la damu lililokaushwa kwenye karatasi: linasubiri sampuli nyingine zijae bahasha, linasubiri gari, linasubiri vitendanishi (kemikali za kupimia) maabara, kisha majibu yanasubiri mtu wa kuyarudisha. Ukiuliza kila idara utaambiwa kazi yao imekamilika. Hakuna aliyekabidhiwa safari nzima, toka kisigino cha mtoto hadi kopo la dawa mkononi mwa mama. Zipo mashine za kutoa majibu siku hiyohiyo hapo kituoni, na zinasaidia sana, ila nazo zinataka umeme, katriji za kupimia na fundi. Vitu hivyo visipokuwa kwenye bajeti, mashine inageuka pambo la mezani.

Halafu kuna suala la kinachohesabiwa. Mradi unaopimwa kwa idadi ya watu waliopimwa utapima watu, hata wale wale wanaojua hali zao tangu zamani; namba itapanda, ripoti itapendeza. Ndiyo maana lengo la UNAIDS, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na UKIMWI, la kufikia 2025 liliwekwa kwa hatua tatu zilizofungamana: asilimia 95 ya wanaoishi na VVU wajue hali zao, asilimia 95 ya hao wawe kwenye dawa, na asilimia 95 ya walio kwenye dawa virusi vyao viwe vimefubazwa. Zizidishe, utapata kama asilimia 86 ya watu wote. Mlegeo wa hatua moja unaonekana mwishoni, haufichiki kwenye jumla.

Mimi siwacheki wanaopenda malengo yenye tarehe. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS walitangaza kuwa watu milioni 3 wa nchi za kipato cha chini na cha kati wawe kwenye dawa ifikapo mwisho wa 2005. Wakati huo walikuwa takriban 400,000. Tarehe ilipofika walikuwa kama milioni 1.3, na milioni 3 ikafikiwa 2007. Lengo lilikosa tarehe yake, lakini idadi iliongezeka zaidi ya mara tatu kwa miaka miwili.

Ugumu unaobaki umo katika neno “mradi” lenyewe. Mradi una tarehe ya kuanza na ya kuisha, na ruzuku nyingi hutolewa kwa mizunguko ya miaka michache, ilhali dawa za kufubaza virusi humezwa maisha yote. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili kuikagua, baadhi ya kliniki zilifunga milango ghafla. Sehemu kadhaa dawa zilikuwepo. Waliokosekana ni watunza kumbukumbu, madereva wa sampuli na waelimisha rika ambao mishahara yao ilitoka mfuko huo mmoja. Msimamizi makini huandika hatari ya namna hiyo tangu siku ya kwanza, pamoja na jina la atakayempigia simu mteja asiyetokea siku ya miadi.