Mimba zinatoka mfululizo: baba naye apimwe kromosomu

Wiki haipiti kliniki bila mama kuingia na kadi yake, mimba ya tatu au ya nne imetoka. Namuuliza, "Baba yuko wapi?" Anainamisha kichwa: "Amesema yeye hana tatizo."

Kromosomu ni nini?
Nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Tunazo 46, yaani jozi 23.

Mtu mwenye afya zake anawezaje kuwa na kasoro huko?
Chukua doti mbili za kanga, nyekundu na bluu. Kata pembe ya kipande kimoja chekundu na pembe ya kipande kimoja cha bluu, ubadilishane, ushone. Hakuna kitambaa kilichopotea. Ndivyo alivyo mtu mmoja hivi kati ya 500: vinasaba vyake vimetimia, ila vipande viwili vimehamiana. Haumwi chochote.

Sasa mimba inatokaje?
Mwili unapotengeneza yai au mbegu, kwa mgawanyiko uitwao meiosisi, kila doti hutoa kipande kimoja. Kabla ya kuachana, sehemu zinazofanana hutafutana, hivyo kanga zote nne hushikamana pamoja. Zikitoka mbili nzima, mtoto yuko sawa. Zikitoka mbili zilizoshonwa, atakuwa kama mzazi wake. Ikitoka moja nzima na moja iliyoshonwa, kuna kilichozidi na kilichopungua. Mara nyingi mimba hiyo haifiki mbali, na ikifika, mtoto anaweza kuzaliwa na ulemavu.

Mume wangu ana mtoto nje. Si mzima huyo?
Hapana, hiyo haithibitishi kitu. Umeona hapo juu: mwenye kasoro hii anaweza kuzaa mtoto mzima kabisa. Mtoto wa nje si kipimo.

Shahawa zake zilipimwa, zikaonekana nyingi na zinakimbia.
Bado hapana. Kipimo hicho huhesabu mbegu na kutazama mwendo na umbo lake. Kromosomu hakizioni.

Mama mkwe ameleta dawa ya kusafisha kizazi.
Shikamoo yake aipate, lakini dawa hiyo usinywe. Hakuna mizizi inayorudisha kipande cha kromosomu mahali pake. Na kwa nini anywe mke, wakati mwenye kasoro anaweza kuwa mwanawe? Mnapoteza miaka mkimnywesha mtu ambaye huenda hana kosa!

Kipimo kikoje?
Damu ya mshipani tu, ya mke na ya mume. Maabara hukuza seli kwa siku kadhaa kisha huzitazama kwa hadubini. Mimba zikitoka mara mbili, njooni muulizie. Njooni wawili. Kati ya wanandoa 100 wa namna hii, 3 hadi 5 hukutwa na kasoro hii kwa mmoja wao. Waliobaki tunawatafutia sababu nyingine.

Tukikutwa nayo?
Wengi hatimaye hupata mtoto mzima kwa njia ya kawaida. Mimba ikishika, kuanzia wiki ya 15 maji yanayomzunguka mtoto yanaweza kuchukuliwa na kupimwa kromosomu, kwenye hospitali yenye huduma hiyo.