Jina linalotokea kwenye simu huenda si la anayekupigia

“Mimi baba mwenye nyumba wako, ile kodi nitumie kwenye namba hii, jina litakuja…” Ujumbe wa aina hii umeingia kwenye simu za Watanzania wengi, na wanaodaiwa kodi kweli ndio wanaonaswa. Hebu tazama maneno ya mwisho. Tapeli amekutajia jina mapema. Ukiingiza namba yake kwenye menyu ya kutuma pesa, jina lilelile linatokea, moyo unatulia, unaweka namba ya siri. Kumbe ulichothibitishiwa ni kwamba laini imesajiliwa kwa jina hilo. Aliyeishika laini hujathibitishiwa.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza 2019, na Januari 2020 laini ambazo hazikuhakikiwa zikaanza kuzimwa. Hatua ile ilisaidia sana. Hata hivyo, matapeli hawatumii vitambulisho vyao. Mteja anafika kwa msajili wa mtaani, anaweka kidole, anaambiwa, “Alama haijasoma mama, weka tena.” Msajili asiye mwaminifu anaweza kutumia kidole cha pili kusajili laini nyingine, ambayo mama huyo hatawahi kuiona. Siku laini hiyo ikitumika kuibia watu, jina litakalotokea ni lake. Kwa hiyo piga *106# leo, uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika wakaifute. Usiiache hata kama huoni dalili ya ubaya.

Wengi huniuliza kuhusu programu za kutambua wapigaji, kama Truecaller. Zinafaa kukutahadharisha, maana namba iliyoripotiwa na wengi kuwa ya kitapeli huonekana mapema. Lakini majina yaliyomo kwa sehemu kubwa yanatoka kwa watumiaji wenyewe, si kwenye kumbukumbu za usajili. Mtu akijiita “Ofisi ya Mikopo” humo, utaona Ofisi ya Mikopo. Na kampuni za simu haziruhusiwi kumpa mtu yeyote tu taarifa za mteja. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inakataza. Zuio hilo linakulinda na wewe, kwa hiyo anayejitangaza mtandaoni kwamba kwa malipo kidogo atakupatia mmiliki wa namba yoyote, mkimbie.

Namba iliyofichwa, ile inayoandika “namba binafsi” kwenye kioo, inawatisha watu kuliko inavyostahili. Anayepiga ameuomba mtandao usikuonyeshe namba yake, basi. Mtandao wenyewe unaiona, na simu hiyo inaacha kumbukumbu. Huna sababu ya kuipokea. Ukiipokea na ukatishwa au kutukanwa, andika tarehe na saa kamili, kisha nenda polisi ukafungue jalada na kuchukua RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Polisi wana utaratibu wa kisheria wa kuomba kumbukumbu hizo kwenye kampuni ya simu, na saa uliyoandika ndiyo itakayowarahisishia kuipata simu yenyewe kati ya nyingi.

Simu ya nje inayolia mara moja na kukatika, usiipigie. Ukipiga, unaweza kutozwa gharama kubwa.

Anayesema anatoka huduma kwa wateja wa mtandao wako anapaswa kupiga kwa namba 100. Akitumia namba ya kawaida, kata, hata kama anajua jina lako lote na salio lako. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, pamoja na namba iliyoutuma, ili namba hiyo ishughulikiwe. Kama pesa imeshatoka, anza na huduma kwa wateja wa mtandao wako hapohapo, kabla hata ya kumpigia ndugu, kwa sababu pesa ambayo haijatolewa kwa wakala bado inaweza kuzuiwa.