Samani za Mabweni: Kwa Nini Chuo Hakinunui Kitanda kwa Bei ya Barabarani

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, ofisi zetu za ununuzi na za majengo hupokea malalamiko ya aina mbili yasiyopatana. Wazazi wanaoleta watoto wao bwenini wanauliza kwa nini kitanda kinayumba na mlango wa kabati umebaki na bawaba moja, ilhali mafundi wa mitaa inayotuzunguka wanauliza kwa nini chuo cha umma kinanunua kitanda kimoja kwa fedha ambazo wao wangetengenezea viwili. Msimu huu malalamiko yamekuwa mengi, na mengine yamesemwa kwa maneno yasiyostahili kurudiwa hapa; kwa hiyo tunaeleza utaratibu ulivyo.

Tuanze na bei, kwa kuwa ndiko kwenye kelele. Tuchukulie kitanda cha shilingi 180,000 kinachodumu miaka 3, na kingine cha shilingi 320,000 kinachodumu miaka 12. Cha kwanza kinakigharimu chuo shilingi 60,000 kwa mwaka. Cha pili hakifiki 27,000, na hapo hatujahesabu kuchomelea upya, usafiri, wala chumba kinachofungwa katikati ya muhula. Kitanda cha bwenini hukaliwa na wanafunzi wanne wanaojadiliana, hupandwa kwa kukanyaga kingo, huburutwa kila chumba kinapopangwa upya, na ule mtindo wa kubebana, ambao umekatazwa na ambao kila mtu anajua kwamba upo, hukibebesha watu wawili usiku kucha. Kukilinganisha na kitanda cha nyumbani ni kupotezeana muda.

Kwa vitanda vya chuma, tunaangalia kwanza unene wa bomba. Miguu na fremu tunataka ziwe za geji 16, yaani takriban milimita 1.5, wakati vitanda vingi vinavyopangwa kando ya barabara ni vya geji 20, ambayo haifiki hata milimita 1. Kwa macho, na hasa baada ya kupakwa rangi, huwezi kuzitofautisha. Maungio yachomelewe mzunguko mzima, si kushikizwa kwa nukta mbili na kufunikwa kwa rangi. Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni ncha ya chini ya mguu: ikiachwa wazi, maji ya kupigia deki, yenye sabuni na dawa ya madoa, huingia ndani ya bomba, na kutu hulila kutoka ndani huku nje rangi ikiwa bado inang'aa. Tumewahi kuinua kitanda cha miaka 2 kilichoonekana kizima, kipande cha mguu kikabaki sakafuni. Ndiyo maana tunadai ncha zote zizibwe kwa kuchomelewa, kisha zivalishwe kofia za plastiki. Bomba lililozibwa pia huwanyima kunguni maficho.

Mbao hatuzikatai. Msindano wa Sao Hill, shamba la miti la serikali, unatosha kabisa kwa chaga na meza, mradi umekaushwa hadi unyevu wa asilimia 12 hivi na kutiwa dawa ya mchwa. Mbao mbichi ikitengenezewa meza Dar es Salaam na kupelekwa kwenye hewa kavu ya Dodoma husinyaa, na maungio huachia bila mtu kuigusa. Chipbodi kwa kabati la bwenini hatuipokei: ikinyonya maji huvimba, na skurubu za bawaba zikishang'oka mara moja hazishiki tena.

Jambo moja linawahusu wazazi. Kingo ya kitanda cha juu katika dabodeka, yaani kizuizi cha pembeni kinachomzuia anayelala asianguke, tunaipima kutoka juu ya godoro, nayo inapaswa kuzidi hapo kwa inchi 5 au zaidi. Vitanda vyetu vimepangiwa godoro la inchi 6. Mzazi anayempa mwanawe godoro la inchi 10 kwa upendo anamwachia kingo ya inchi 1, kisha akianguka tunaulizwa sisi.

Ununuzi wenyewe unaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na Kanuni zake za mwaka 2024, na zabuni hupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Hakuna bahasha inayoletwa mlangoni, na hakuna afisa mwenye mamlaka ya kukuingiza kwa kukupigia simu. Kila tunachokitaka, kuanzia geji hadi aina ya kitasa, huandikwa kwenye masharti ya kiufundi kabla ya zabuni kutangazwa, kwa sababu kisichoandikwa humo hatuwezi kukidai baadaye hata tukikasirika. Wako wanaotushauri tugawanye vitanda 400 katika manunuzi madogo madogo ili kukwepa ushindani: kugawanya ununuzi kwa nia hiyo kumekatazwa na sheria, na anayeadhibiwa si mshauri. Fundi mdogo hajafungiwa mlango, kwani asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi hutengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Aanze kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yake.

Mshindi huleta kwanza kitanda kimoja cha sampuli, ambacho tukikikubali hupigwa muhuri na kubaki kwetu hadi mzigo wote upokelewe. Muhuri huo una sababu. Msambazaji mmoja alituletea sampuli nzuri, kisha mzigo ambao kwa macho ulikuwa pacha wake. Kamati ya ukaguzi na upokeaji, inayoteuliwa na Afisa Masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, ilikata bomba la kitanda kimoja, ikakuta milimita 0.9. Mzigo wote ulirudi. Gharama za kuurudisha zilikuwa zake, siku za kuchelewa alikatwa kama mkataba ulivyosema, na msambazaji anayefanya udanganyifu anaweza kufungiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma asishiriki zabuni yoyote ya umma, si ya chuo chetu pekee.

Kuhusu malipo, tunarudia kwa mara nyingine: asilimia 2 inayokatwa kwenye malipo ya bidhaa ni kodi ya zuio, inakwenda Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na hukatwa na kila taasisi ya umma. Si «ya mtu wa uhasibu». Msambazaji apewe hati ya makato hayo, naye aitumie anapokokotoa kodi yake ya mwaka. Anayetuletea ankara bila risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, asishangae ikikaa mezani.

Sampuli zilizopigwa muhuri ziko ofisi ya majengo, na fundi yeyote anaruhusiwa kuja na futi yake kuzipima siku za kazi. Kwa walio na mkataba tayari, mzigo upelekwe asubuhi, kamati ikiwapo. Unaofika Ijumaa jioni utalala kwenye gari.