Bao si dawa ya kelele

Jumamosi iliyopita mama mmoja alinirudishia bao nililomuuzia mwezi wa nne. Alikuwa amelifunga kwenye leso kama anayepeleka mtoto hospitali. "Fundi," akaniambia, "hili bao limeniletea vita nyumbani. Mimi nilitaka kitu cha kuwatuliza watoto. Nirudishie hata nusu."

Nikafungua leso, nikahesabu kete. Zilikuwa 63.

Mwaka huu huyo ni wa tano au wa sita, na wote huja na dhana ile ile: kwamba bao, kwa vile ni la mbao na halitoi mwanga, ni mchezo wa utulivu. Ukimpokonya mtoto simu ukampa bao, nyumba itabaki kimya kama ilivyokuwa, ila sasa wewe mzazi utalala bila kujilaumu. Nimelieleza jambo hili hapa karakana mara nyingi mpaka gundi ikanikaukia kwenye brashi. Sasa naliandika. Atakayeniuliza tena nitamtumia hii, nirudi kwenye randa yangu.

Kwa kazi ya kumnyamazisha mtoto, simu haina mshindani. Kama shida yako ni kelele, usije kwangu. Nitakuuzia, ndiyo, maana karo hainisubiri, lakini utarudi na leso.

Kwanza tuelewane, kwa sababu jina bao linabebeshwa mengi. Kwetu Seme, upande wa Kisumu, nilikua na ajua, bao la Wajaluo: safu mbili, mashimo tumeyachimba mchangani chini ya mwembe, kokoto tumeokota njiani. Wakikuyu wana giuthi, Wamaasai wana enkeshui, nazo pia ni za safu mbili. Hili la safu nne, mashimo 32 na kete 64, ni bao la Kiswahili, na mimi nilifunzwa ukubwani na mzee mmoja wa Bondeni hapa Nakuru, mstaafu wa reli aliyeletwa na kazi kutoka Mombasa akasahau kurudi. Nachonga yote. Mteja akiniuliza lipi ndilo sahihi, namuuliza nyanya yake ni wa wapi.

Sasa sikiliza. Mtoto akicheza bao kwenye simu (programu zipo, na nyingine ni nzuri kweli), mashine ndiyo inayogawa kete. Yeye anagusa shimo la kuanzia, basi. Kete zinazunguka zenyewe, zinakula zenyewe, zinalala zenyewe. Hawezi kuiba na hawezi kukosea. Sheria imefungiwa nyuma ya kioo, haina wa kuihoji, na kimya unachokipenda kinatoka hapo.

Ubao wangu hauna sheria ndani yake. Nimeutoboa mwenyewe kwa patasi, najua hamna kitu mle. Sheria yote iko kwenye vichwa vya hao wawili walioketi, na kwa kuwa vichwa ni viwili, lazima pawe na maneno.

Chukua wanafunzi wangu wawili wa Jumamosi, kaka wa miaka kumi na dadake wa minane. Wako kwenye namua, ile awamu ya kwanza, kila mmoja bado ana kete za mkononi. Kaka anakula, anaingiza kutoka kichwa cha kushoto, yaani shimo la mwisho wa safu, moja, moja, moja, na ya mwisho inaangukia kwenye nyumba yake mwenyewe, lile shimo maalumu, iliyonona, na ng'ambo hakuna cha kula. Hapo kuna hiari: alale, yaani amalize zamu, nyumba ibaki salama, au aichote yote aende safari. Mkono wake ukasimama juu ya nyumba. Sekunde mbili, tatu. Macho yakakimbia mpaka kimbi cha kulia, shimo la pembezoni, yakaona kitu. Vidole vikaanza kushuka.

"Umeshalala!" Dada alikuwa amefunika shimo kwa kiganja.

"Sijalala, nilikuwa nafikiria."

"Mkono ulitoka!"

"Haukutoka! Babu, mkono ulitoka?"

Babu ndiye mimi. Nikajifanya natafuta msasa. Wakazozana dakika nne hivi, dada akilia kidogo, kaka akitishia kwenda nyumbani na hakwenda. Mwishowe wakakata shauri: kuanzia leo, anayelala aseme "nimelala" kwa sauti. Asiyesema bado anafikiria. Sheria hiyo sijaisikia kwa mchezaji mwingine yeyote. Mzee wangu wa Bondeni angeitemea mate. Kwake mkono ukiachana na shimo umelala, hata kama uliachana kufukuza nzi. Lakini watoto wale waliitunga, wakaijadili na kuipitisha, bila posho ya kikao, na hadi leo wanaifuata. Mama aliye jikoni angesikia vita.

Na wizi upo, nisifiche. Mtoto ana kete kumi na moja ngumini, anagawa, na mahali fulani zinaanguka mbili badala ya moja. Wakati mwingine ni jasho la kiganja. Mara nyingi si jasho. Mwenzake lazima aufuate mkono kwa macho mwanzo hadi mwisho, shimo kwa shimo, na akiona anasema "rudisha". Rudisha mpaka wapi? Nani anakumbuka ubao ulivyokuwa? Hapo ndipo nilipowaona watoto ambao shuleni wanaambiwa hawakai makini wakipanga upya mashimo manane kwa kumbukumbu tupu, kwa sababu tu hawakubali kuibiwa. Hata huyo mwizi ana kazi: ili wizi umfae, lazima ajue kete ya mwisho itaangukia wapi. Sisemi tuwafunze wizi. Nasema mtu mzima akiingilia haraka na kuamua yeye, ameugeuza ubao kuwa simu. Amekuwa ile mashine. Nami nimefanya kosa hilo. Mwaka jana nilimhukumu mtoto kwa sauti kubwa kwamba ameiba, kumbe mimi ndiye niliyehesabu vibaya. Hakurudi Jumamosi iliyofuata, wala ile nyingine.

Haya, na lile la hesabu. Tangu CBC, ule mtaala wa umilisi wa shule, ije, kila muhula napata wazazi wanaotaka bao "kwa mradi wa mtoto", kesho asubuhi kabla ya saa mbili, na wote wameambiwa bao linafundisha hesabu. Labda. Mtoto wa miaka sita anayegawa kete moja moja anahesabu, ni kweli. Lakini mchezaji mzuri hahesabu vile mnavyodhani, anaitazama safu kama unavyotazama sufuria ukajua ugali utatosha watu wangapi. Kama jicho hilo linamsaidia kwenye mtihani wa hisabati, mimi sijaliona. Nina wachezaji wakali wanaopata alama za kusikitisha. Kwa hiyo sikuuzii bao kwa jina la hesabu, na anayekuuzia hivyo muulize yeye alipata ngapi.

Ukitaka kuona ninachosema, nenda Hyrax Hill, hapa hapa nje ya mji kwenye barabara ya Nairobi. Watu wanakwenda kwa ajili ya makaburi na mabaki aliyoyachimbua mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1937 na 1938, kisha wanapita kwenye yale mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba wanapiga picha moja, wamemaliza. Mimi nikipeleka watoto, tunakaa pale. Nawauliza: hili bao ungelibebaje kwenda nalo nyumbani? Wanacheka. Mwamba haubebeki. Aliyetaka kucheza ilibidi aje, na akija amkute mtu. Aliyechonga pale hakuwa anamtafutia mtoto kitu cha kushika mkononi, alikuwa anaweka kiti cha watu wawili. Ninyi mnanunua ubao mmoja, mnamkabidhi mtoto mmoja, mnamfungia chumbani, halafu mnanipigia simu kwamba "hakulipenda".

Michezo mingine ni vivyo hivyo, sitakaa huko sana. Kati, ule wa kukwepa mpira, bila kelele ni mpira tu. Brikicho, ule wa kujificha, lazima mtu apige mayowe. Bladda, ule wa kuruka kamba ya mpira, nimeona ikivunja urafiki wa miaka miwili kwa sababu ya "uligusa, sikugusa". Hata vitendawili, ambavyo mngedhani ni vya kunong'ona, vinataka ubishi. Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango. Wakishindwa unadai mji, na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu watoto wa siku hizi hawakupi Kisumu, wanakupa Dubai, kisha wanakataa usiende Dubai ukala bila kuwaletea kitu. Nyanya yangu, usiku kule siwindhe, nyumba ya nyanya ya kusimuliana hadithi, alikuwa akipewa mji anaumaliza wote, anakula samaki wa soko zima, na sisi tunapiga kelele kwamba tumbo lake haliwezi. Kuna aliyekuwa ametulia? Hakuna.

Unaniuliza basi, fundi, wanaacha simu? Nitakwambia ukweli ambao hautaniletea wateja. Mpwa wangu anacheza bao kwangu saa tatu kila Jumamosi, na matatu ikifika mwisho wa barabara yetu tayari ameinamia TikTok. Wengine wameacha kwa muda, wengine hawakuacha hata kidogo. Sijui kutabiri nani. Na mimi mwenyewe, wanangu wakiwa Nairobi na mama yao amelala, hucheza bao la kwenye simu dhidi ya mashine. Inanifunga. Hainiambii lolote ikinifunga, na hilo ndilo linaloniudhi, maana mzee wa Bondeni akikumaliza ungali na kete mkononi alikuwa anasimama, anazunguka kiti, anawaita majirani waje waone.

Kama bado unataka kujaribu, usianze kwa kununua. Trei ya mayai ina mashimo 30, safu tano za mashimo sita. Kata safu mbili, unayo giuthi ya mtoto. Maharagwe yanafaa kwa kete mpaka fukusi wayagundue. Komwe, zile mbegu ngumu za Pwani, ndizo kete zenyewe, laini na nzito, ila bei yake hapa utaniona mwizi. Ukinunua la safu nne, acheni namua kwanza, chezeni la kujifunza, kila shimo kete mbili. Na wiki ya kwanza uketi wewe. Wewe mzazi, chini, siyo kusimama mlangoni na glasi ya chai. Ufungwe na ubishe. Mtoto asipokuona ukibisha atajuaje kama inaruhusiwa?

Hayo yote nilimwambia yule mama mwenye leso. Akanisikiliza kwa adabu, akasema, "Ni sawa baba, lakini nusu yangu." Nikamrudishia nusu yake.

Bao lake liko hapa nje kwenye benchi. Watoto wanaotoka shule hupita wakalichezea, na kwa kuwa kete ya 64 imebaki kwake, huenda chini ya kochi, tunaweka punje ya mahindi mahali pake. Jana kuku wa jirani aliila katikati ya mchezo. Ilikuwa kwenye shimo la mmoja lakini mwenzake alikuwa karibu kuila kihalali, na mpaka nafunga karakana saa kumi na mbili walikuwa bado wanabishana kuku alikuwa upande wa nani.